Sindano Iliyoandikwa Ijumaa

Sura ya Saba

Mgonjwa wa mwisho aliondolewa zahanatini Jumatatu saa saba mchana. Wanawe wawili walimlaza juu ya mkokoteni wa kubebea maji, wakamfunika shuka mpaka shingoni. Inspekta Everlyne Tsofa ilimbidi apande kwenye baraza ya nyumba ya jirani kuwapisha, maana ujia ule wa Kibokoni haukuwa na nafasi ya mkokoteni na mtu.

"Mnampeleka wapi?" aliuliza.

"Nyumbani," mmoja alijibu bila kusimama. "Hapa hata maiti haachwi akapumzika. Huchomwa sindano."

Maneno hayo yalikuwa yameenea Mji wa Kale wote tangu Ijumaa, na ubaya wake ni kwamba hayakuwa uzushi. Mzee Mung'aro wa Makupa, mpagazi mstaafu, alilazwa zahanatini Alhamisi mchana, moyo ukimwenda mbio. Akafa siku hiyo hiyo saa tano usiku. Lakini daftari la dawa lililochapwa na kompyuta lilionyesha sindano mbili za moyo: moja Alhamisi, ya pili Ijumaa. Ijumaa mzee alikuwa mochari, na kitambulisho kidoleni.

Sindano ile hutolewa mara moja kwa siku. Mara mbili, kwa mzee wa moyo dhaifu, ni sumu. Daktari wa mochari aliikuta dawa katika damu maradufu ya kipimo. Kabatini zilipungua chupa mbili. Ya kwanza ilitolewa na nesi wa mchana, Levi Kiti, saa tisa alasiri, na hakukana. Ya pili ilikuwa na jina la nesi wa jioni, Sidi Kalama.

Sidi alikuwa ndani siku ya nne sasa. Mkuu wa kituo alishaandika shtaka la mauaji na kesho saa tatu asubuhi lingesomwa kortini. Mkuu alikuwa na chupa, alikuwa na jina, na alikuwa na sababu: baba yake Sidi na marehemu waligombania mpaka wa shamba kule Kaloleni kwa miaka kumi na moja. Kosa lenyewe ni la kitanzi.

Everlyne alikuwa na swali moja tu. Mtu aliyeua na anataka kuficha, kwa nini aandike jina lake mwenyewe kwenye siku ambayo aliyeuawa yuko mochari?

"Salaam aleikum, Bi Inspekta." Mzee Shamsudin, mwenye zahanati, alimpokea mlangoni. Alikuwa mfamasia kwa miaka thelathini kabla ya kuifungua zahanati hii ya sadaka. Kanzu yake ilikuwa safi, lakini hakuwa amenyoa tangu Ijumaa. "Uniwie radhi, sina cha kukukaribishia. Ramadhani."

"Aleikum salaam, mzee. Nataka daftari."

"La Alhamisi na Ijumaa nshakupa."

"Nataka la mwezi huu wote, na la mwezi uliopita."

Mzee alipumua. "Ni yule mdudu wa elfu mbili, wallahi. Watu wote wasema, ukiingia mwaka wa elfu mbili kompyuta zitapoteza tarehe. Hii yetu imeanza mapema, basi. Lakini Bassam keshaisafisha."

Everlyne aliyekuwa akitoa penseli mkobani alisita. "Ameisafisha lini?"

"Jumamosi."

"Mzee Shamsudin, Ijumaa nilikuambia kompyuta isiguswe."

"Uliniambia nisiiguse mie. Sikuigusa. Bassam ni fundi."

Hakuwa akifanya mzaha. Everlyne alimtazama, kisha akamtazama msichana aliyeketi mbele ya kompyuta kwenye pembe ya chumba. Nabiha, binti wa ndugu yake mzee, miaka ishirini na miwili, ndiye mtunza kumbukumbu wa zahanati. Mara zote mbili Everlyne alipokuja, Nabiha alijibu alichoulizwa na hakuongeza neno.

"Chapa," Everlyne alimwambia. "Tangu tarehe mosi Novemba."

Printa ilianza kukwaruza. Karatasi ndefu ilishuka, ikajikunja sakafuni. Nabiha alipoichana, aliichana vibaya, katikati ya mstari.

Everlyne aliibeba hadi chumba cha wagonjwa. Vitanda vyote sita vilikuwa vitupu, magodoro yamekunjwa. Aliitandaza karatasi kutoka kitanda hadi kitanda, akapiga magoti na kuanza kuzungushia duara jekundu kila mahali palipoandikwa Sidi. Daftari halikuandika saa. Liliandika siku, zamu, jina la mgonjwa, dawa, na nesi. Mzee Shamsudin alisimama mlangoni akimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikipekuliwa.

Baada ya nusu saa Everlyne alinyoosha mgongo.

"Sidi hufanya kazi Jumapili jioni?"

"La. Huenda kuimba kwaya. Nilimkubalia tangu siku ya kwanza, kila mtu na dini yake. Jumapili jioni humshikia Levi."

"Novemba nzima ni hivyo. Jumapili, sindano za jioni, Levi. Tazama hapa, na hapa." Aligonga penseli. "Sasa njoo Desemba. Jumapili ya tarehe kumi na mbili. Nani?"

Mzee aliinama, akavaa miwani. "Sidi."

"Jumatatu ya kumi na tatu?"

"Levi." Aliivua miwani. "Haiwezekani. Ile Jumapili nakumbuka sana. Levi alizikuta sambusa zangu za futari akazila nne, ati alidhani ni za zahanati. Jumapili! Naapa."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu alikuwa Sidi. Levi nisingemwacha tena karibu na sambusa."

Everlyne hakucheka. Alivuta karatasi upande wake. "Sindano za mchana zote ziko siku yake. Za jioni, tangu Ramadhani ianze, kila moja imesogea mbele siku moja. Ya Jumamosi jioni imeandikwa Jumapili. Ya Jumapili jioni imeandikwa Jumatatu. Kwa hiyo ya Ijumaa, ile ya marehemu..."

"Ilikuwa Alhamisi jioni," mzee alisema polepole.

"Akiwa hai. Hakuna aliyechoma maiti." Everlyne alisimama. "Na huyu si mdudu, mzee. Mdudu hachagui saa. Huyu amechagua jioni akaacha mchana, akaanza na Ramadhani. Hili ni agizo. Mtu ameiambia kompyuta ifanye hivyo. Nyumba hii, ni nani anayehesabu siku kuanzia magharibi?"

Mzee alimshangaa. "Sote, Bi Inspekta. Jua likitua, siku imeingia. Usiku hutangulia mchana wake. Hata mtoto wa chuo cha Kurani ajua."

Nyuma yake kitu kilianguka. Nabiha alikuwa amesimama ukumbini na bunda la karatasi lilikuwa limemponyoka.

"Hana kitu huyu," mzee alisema haraka. "Amefunga, hajala tangu daku. Mwache."

Everlyne aliikunja karatasi yake taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. "Simgusi. Nakwenda Makadara kwa Bassam." Alipompita Nabiha alisimama kidogo. "Kesho saa tatu, Nabiha. Wajua kosa lile adhabu yake ni nini?"

Msichana aliinama kuokota karatasi. 

Duka la Bassam lilikuwa Makadara, mlango wa tatu baada ya hoteli iliyokuwa imefungwa mpaka jua litue. Ndani mlikuwa na kompyuta kuukuu zilizofunuliwa matumbo, na feni moja. Bassam, mwanamume wa miaka thelathini mwenye ndevu fupi, alikuwa ameegemeza kichwa ukutani.

"Kama waja kutengenezewa kompyuta, rudi saa mbili usiku," alisema akiwa amefumba macho. "Nikifunga huwa simwoni mteja, namwona biriani."

"Polisi."

Alifumbua macho, akaketi sawa. Everlyne hakungoja kiti.

"Jumamosi ulifuta nini zahanatini?"

"Sikufuta. Nimeweka toleo jipya."

"La nini?"

"La Tabibu. Ndiyo jina la programu." Bassam alijipangusa uso. "Ni programu huria. Haiuzwi. Imeandikwa na watu wa kujitolea, wako nchi saba, hatujuani kwa sura. Yeyote aweza kusoma kila mstari wake, akaona kosa, akasahihisha, akaturudishia. Sisi watatu ndio tunaoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Mmoja yuko Uholanzi, mmoja Brazili, na mie hapa. Niliileta hapa kwa roho safi, dada. Nikawaambia zahanati, chukueni bure, ni salama."

"Toleo jipya lina nini ambacho la zamani halina?"

"Si kilichoongezwa. Kilichotolewa." Alichukua barua pepe iliyochapwa, akampa. "Tabibu ina lugha ndogo ndani yake. Tuseme umepanga nyumba. Kuta si zako, huzibomoi. Lakini mwenye nyumba amekuachia chumba kimoja, jenga utakavyo. Waweza kuiamrisha programu ikufanyie jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Tumebishana mwaka mzima, ibaki au iondoke. Uholanzi asema iondoke. Brazili asema ibaki. Kura yangu wanaingoja leo."

"Nawe wasemaje?"

"Iondoke! Hukusikia virusi vya kompyuta vya mwaka huu? Vimeingia katika maofisi ya dunia nzima vikiwa vimejificha ndani ya barua za kawaida, kwa sababu programu za kuandikia barua zina lugha ndogo kama hii. Kuta za Tabibu zimesomwa na macho mia. Chumba kile hakisomwi na mtu. Kila mmoja ajifungia na kuandika chake."

"Kwa hiyo hata kabla ya kura, ukaenda zahanatini ukaiondoa."

"Mzee Shamsudin aliniita. Alikuwa akitetemeka."

"Ulikuta nini katika chumba hicho?"

Bassam alitazama meza. "Sikutazama."

"Umefuta bila kutazama?"

"Niliogopa." Sauti yake ilishuka. "Mtu amekufa. Mie ndiye niliyewapa. Nilisema nikitazama nikakuta kitu, basi ni mimi nimeua. Nikafuta."

Everlyne aliketi sasa. Feni ilizunguka juu ya vichwa vyao. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa karatasi yenye maduara mekundu na mzee anayekumbuka sambusa. Mkuu wa kituo angeisoma kwa dakika moja na kumwambia kwamba Sidi ndiye aliyechezea tarehe. Kitu pekee ambacho kingemwokoa kilifutwa Jumamosi na mtu mwoga.

"Wajua nini ulichofuta?" aliuliza. "Shingo ya mtu."

"Mistari tisa," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Nabiha alikuwa amesimama kizingitini, buibui limeshika vumbi pindoni. Amekuja kwa miguu, na mbio. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki.

"Sikumwambia ami," alisema. "Akijua atanizuia." Aliitoa disketi moja, akaiweka mezani mbele ya Everlyne, na mkono wake uliendelea kuigusa kana kwamba haujakubali. "Ilikuwa na mistari tisa. Nakala ni hii tu. Na humo mna kumbukumbu zote za Alhamisi alasiri, mie huzinakili kila siku saa kumi na moja kabla sijaondoka."

"Wewe uliandika?"

"Mie."

"Ya Rabi," Bassam alisema. "Nabiha! Kwa nini usiniambie?"

"Niliwaambia nyinyi!" Msichana alimgeukia, na machozi yakamtoka pamoja na hasira. "Mwaka jana niliwaandikia. Nikasema, Ramadhani wagonjwa wetu wote huhamia jioni, dawa wanakunywa baada ya futari. Wengine huja baada ya sala ya tarawehe, wengine usiku mkuu. Tabibu inaikata siku katikati ya usiku, mtu mmoja anaonekana amekunywa mara mbili leo na kesho hakunywa. Niliomba siku ianze magharibi. Mulinijibu nini?"

Bassam alisogeza bisibisi mezani.

"Baada ya miezi mitatu! 'Si haja ya wengi.' Basi nikajiandikia. Chumba kimoja mlichoniachia nikakitumia. Mkiiondoa lugha ile, Tabibu itakuwa ya watu wa huko tu, na sisi tutaazima siku yao."

"Na mtu amekufa kwa siku yako."

"Bassam," Everlyne alisema. Aliinua kiganja kumkatiza. Kisha alimgeukia msichana. "Nieleze kama mtu asiyejua kompyuta. Sidi asema karatasi iliyotoka kwenye printa ilimwonyesha Mung'aro hajapewa dawa. Levi alikuwa amempa saa tisa. Nani mwongo?"

"Hakuna." Nabiha alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nesi akianza zamu huchapa karatasi. Juu imeandikwa WALIOBAKI LEO. Ndiyo anayoifuata. Kadi za vitandani tuliziondoa kompyuta ilipokuja. Levi huondoka mapema, kabla njia ya Makupa haijafungwa na watu wanaokimbilia futari, hawaonani na Sidi. Wanaachiana karatasi."

"Endelea."

"Niliiweka mistari yangu siku ya pili ya Ramadhani. Wagonjwa wote walikuwa wameshahamia jioni. Wote. Niliwaza waliofunga peke yao." Alijifunga mtandio sawa. "Mzee Mung'aro hakufunga, hakuwa Mwislamu. Alilazwa mchana, akapewa dawa mchana. Jua likatua. Kwa kompyuta, Alhamisi ikaisha na dawa yake ikaisha nayo."

"Na Sidi akachapa karatasi."

"Ikamwambia leo hajapewa."

Nje mtu alikuwa akikaanga bajia za futari na harufu iliingia dukani. Bassam aligeuza uso.

"Nani mwingine ana mistari hii?" Everlyne aliuliza.

"Hakuna. Nilitaka kuwatumia zahanati zote za pwani baada ya Idi." Nabiha aliisikia sentensi yake mwenyewe, akashika ukingo wa meza.

"Na kabla hujaiweka, nani aliisoma?"

"Hakuna."

Everlyne alifungua daftari lake. "Mlichosema ni maneno. Korti haitaki maneno. Nataka kuona. Bassam, una toleo la zamani?"

"Ninalo."

"Liweke kwenye kompyuta hii. Wewe ndiye utakayebonyeza, si yeye. Nabiha, kaa huko, mikono juu ya magoti. Kila hatua nitaiandika na nyote wawili mtatia sahihi."

Iliwachukua saa nzima. Bassam aliweka toleo la zamani, akaingiza disketi, akanakili kumbukumbu za Alhamisi, kisha mistari tisa. Everlyne aliandika kila tendo na saa yake. Mwisho akasema:

"Saa ya kompyuta, irudishe. Alhamisi, tarehe kumi na sita, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Jua linatua saa ngapi siku hiyo?"

"Na dakika ishirini na tano," Nabiha alisema pale alipokuwa. Magharibi za mwezi mzima alikuwa nazo kichwani.

"Chapa orodha."

Printa ilikwaruza mstari mmoja ikakoma. Everlyne aliichana karatasi, akaisoma kwa sauti. "Waliobaki leo: hakuna." Mung'aro alipewa saa tisa, na wengine Jumatano jioni, ambayo kwa mistari ile ni Alhamisi. Aliandika, akawapa watie sahihi. "Sasa tungoje."

Walikaa. Saa ya kompyuta ilibadilika: ishirini na moja. Bassam alianza kusema kitu, akaacha. Ishirini na mbili. Taa ya duka ilififia kidogo kama umeme unataka kukatika, na wote watatu waliinua vichwa wakaitazama mpaka ikashika tena. Ishirini na tatu. Nabiha alikuwa akitikisa midomo bila sauti. Everlyne hakujua kama anaomba iwe kweli au isiwe.

Ishirini na nne.

Ishirini na tano.

"Ngoja," Everlyne alisema. "Moja zaidi."

Ishirini na sita.

"Chapa."

Printa ilianza tena, na mara hii haikukoma kwenye mstari wa kwanza. Ilikwenda, ikarudi, ikaenda. Majina yalipanda moja baada ya jingine. Bassam, aliyekuwa karibu zaidi, alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Isome," Everlyne alimwambia.

"Siwezi."

Aliichana mwenyewe. "Waliobaki leo. Fadhila Omari. Twaha Said. Mwanakuu Athumani. Zena Bakari." Alisita. "Mung'aro Charo."

 Jina la mtu aliyezikwa siku mbili nyuma lilikuwa pale, wino mbichi, likidai dawa yake.

Nabiha alisogea, akalisoma jina mwenyewe. "Watanifunga mimi?"

"Sijui," Everlyne alisema. Alitamani kuwa na jibu jingine. "Hukutaka kumuua mtu, na umekuja kwa miguu yako. Hayo nitayaandika kwanza, juu kabisa. Zaidi ya hapo sijui."

Msichana alikubali kwa kichwa. Akachukua kalamu akatia sahihi.

Bassam alikuwa bado ukutani. "Wananingoja," alisema. "Uholanzi na Brazili. Asubuhi nilikuwa nimeshaiandika kura yangu, nilibakisha kuituma. Sasa hata sijui. Lugha ile ndiyo iliyoua. Lakini pia sisi tulimwambia si haja ya wengi." Alimtazama Nabiha, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na lawama machoni. "Niandike nini?"

"Andika kilichotokea," Nabiha alisema. "Na uwatumie mistari yangu, yote tisa, na jina langu. Waisome. Ningekuwa na mtu mmoja tu wa kuisoma, mmoja asiyefunga, angeniuliza, je, yule aliyekula mchana? Kisha wapige kura wakijua."

Bassam alivuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta nyingine, akaifuta barua aliyoiandika asubuhi. Everlyne alimwacha vidole vikiwa juu ya vitufe, bado hajaanza.

Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili ripoti pamoja na karatasi zote za printa. Mara ya pili aliisoma amesimama. Hakumsifu mtu. Alilichukua shtaka la mauaji kutoka kwenye faili, akalikunja mara nne, akalitia kwenye droo.

"Mtoe," alisema.

Everlyne alikwenda mwenyewe. Sidi alikuwa ameketi kwenye saruji, mgongo ukutani, bado na sare yake nyeupe ambayo haikuwa nyeupe tena. Alikuwa mwembamba, miaka ishirini na saba. Siku zote nne alijibu kila swali kwa jibu lile lile: karatasi ilisema hajapewa.

"Unatoka, Sidi. Shtaka limefutwa. Karatasi yako ilisema kweli, tumeiona kwa macho yetu."

Sidi alijishika kifua. "Asante Yesu. Asante, afande. Nilijua. Niliwaambia." Alicheka na kulia kwa pamoja. "Kwa hiyo ni Levi. Alisema amempa na hakumpa. Ile chupa nyingine aliitupa, si ndiyo? Nimemwombea Levi usiku wote, Mungu amlegeze aseme ukweli."

 Everlyne alichuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Levi hakudanganya. Alimpa saa tisa alasiri."

"Lakini karatasi..."

"Karatasi ilihesabu siku mpya tangu magharibi. Iliisahau ya saa tisa. Hukuwa na njia ya kujua."

Sidi alimtazama. Kicheko kilibaki usoni kwa muda, bila mwenyewe.

"Alikuwa keshapewa," alisema.

"Ndiyo."

"Alinishika mkono." Sidi aliutazama mkono wake wa kulia, akaukamata kifundo kwa mkono wa kushoto. "Hapa. Pumzi ilikuwa haimtoshi, hakuweza kusema. Alinishika hapa, akawa atikisa kichwa. Nilidhani aogopa sindano. Nilidhani amenitambua, mtoto wa adui yake. Nikamwambia, tulia, baba. Ni moja tu ya leo."

Nyuma ya Everlyne konstebo aliufungua mlango wa chuma hadi mwisho, akasogea pembeni. Mwanga wa ukumbi uliingia mpaka miguuni pa Sidi.

Hakusimama. Alikuwa bado ameukamata mkono wake, mahali pale pale.